Usijipake Krimu Wageni Wakiwa Langoni

Kwako Wangari, maitu,

Ninakuandikia nikiwa dukani hapa Chaka. Mlango nimeurudisha nusu, wateja wadhani nimefunga na majirani wajue bado nipo. Sweta yako iko mapajani mwangu. Wewe uko nyumbani na babako, na najua anachofanya saa hii: anakufungulia sanduku ulilokwisha kulifunga, aone kama umeweka tochi. Mambo ya tochi, ya kufuli na ya kuchemsha maji ya kunywa mwachie yeye. Amekaa na mawaidha hayo tangu ulipojiunga na chuo cha ualimu, na kesho ukishapanda gari kwenda kufundisha Doldol atakuwa hana wa kumpa.

Mimi nataka kukuandikia habari za kidevu.

Cheka tu, hata mimi nacheka kidogo. Lakini wiki hii tulipopita pale stendi, yule kijana wa bodaboda aliyesoma na wewe alikuita kwa sauti, wenzake wasikie: "Mwalimu, huko Doldol hakuna kinyozi, sasa ati ndevu utanyolewa na nani?" Wakacheka wote, nawe ukacheka nao vizuri sana. Nikadhani yameisha. Jioni ukanijia jikoni nikimenya viazi, ukasema, "Mami, ile sweta yangu, unaweza iwekea shingo mrefu? Mrefu kabisa, ifike hapa." Ukagusa chini ya mdomo wako. Nilikwambia sawa nikaendelea kumenya. Sikuuliza kwa nini, maana nilijua, na ningefungua mdomo ningelia juu ya viazi.

Nimekaa na hiyo sweta siku zote hizi. Nimefuma sweta za shule nyingi katika duka hili, watoto wa Kieni nzima wamevaa mikono yangu, lakini sijawahi kubabaishwa na shingo ya sweta kama hii yako.

Kwanza tukumbushane kidevu hicho kilitoka wapi. Dadako Muthoni, kwa kuwa ndiye wa kwanza, alichukua jina la mama ya babako, na pamoja na jina akachukua ngozi ya upande ule, laini hata inaudhi. Wewe wa pili ukapewa jina la mama yangu. Ndiyo maana nimekuita maitu, mama yangu, tangu ukiwa mchanga, na ndiyo maana ukinikasirikia huwa nakuogopa kidogo, kwa sababu unakunja uso kama yeye. Ulipofika kidato cha pili nywele zikaanza kujitokeza kwenye kidevu, pale pale alipokuwa nazo yeye. Shangazi zako, wale dada zangu, wakashangilia: "Mama amerudi!" Wao walikuwa wanafurahi kweli. Wewe ukaingia bafuni ukalia, na mimi nikabaki nje ya mlango nikishika taulo.

Cucu Wangari, nyanya yako, hakuwa na shida na kidevu chake. Ilipokuwa msimu wa kupalilia alizisahau hizo nywele zikaota zitakavyo. Ukikaribia mkutano wa akina mama wa kanisa, alikaa kwenye kigoda nje ya jikoni, akachovya vidole kwenye jivu ili visiteleze, akazing'oa moja moja huku akitugombeza. Babu yako akipita alimwambia, "Leo kuna mkutano." Ilikuwa hivyo tu. Sijui sisi tulioenda shule tulijifunza wapi kuona aibu.

Mimi nilijifunza vizuri sana hiyo aibu. Unajua hadithi ya ruracio yangu kama babako anavyoisimulia kila Krismasi, akishashiba. Anawaambia wageni kwamba siku ya kuleta mahari walimfichia bibi harusi kati ya wasichana wengine waliofunikwa leso toka utosini hadi vidoleni, na kwamba yeye alinitambua mara moja kwa sababu ya mapenzi. Halafu anasubiri mtu aulize vipi, ili aseme, "Kwa pua." Watu wanaanguka. Ni hadithi nzuri, lakini ni ya yule aliyekuwa nje ya leso. Leo nakupa ya aliyekuwa ndani.

Binamu yangu mmoja alikuwa ameniletea krimu ya kutoa nywele kutoka Nyeri. Wakati huo mimi sikuwa nimewahi hata kuiona. Nilikuwa nikinyoa kidevu kwa wembe, kwa siri, na wembe ulikuwa umeniachia vipele na nywele zilizojikunja ndani ya ngozi. Nilichokiogopa siku ile ni kimoja: babako akishanitambua, leso itainuliwa mbele ya watu, na mama mkwe wangu atakuwa amekaa mbele kabisa na macho yake makali. Niliona kidevu changu kitatangulia kumsalimia kabla yangu.

Sasa wewe unajua desturi yetu. Wageni wakifika hawaingii. Wanafungiwa lango, wanaimba, wetu wa ndani wanawajibu kwa nyimbo, wanaulizwa wametoka wapi na wanatafuta nini kana kwamba hawajulikani, mpaka akina mama waridhike. Kwa hiyo nilipowasikia wakiimba nje, nikafanya hesabu yangu. Nikasema, hawa watachelewa hapo. Nikaingia chumbani, nikajipaka krimu kidevu kizima na chini ya taya, juu ya vile vipele vya wembe, nikaketi kitandani kungoja. Sikuwa nimeijaribu mahali popote, na sikusoma maandishi ya kwenye boksi. Ilikuwa na picha ya mguu wa mwanamke, na mimi sikujiuliza kwa nini ni mguu.

Kumbe mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Mjomba akaona wakwe watanyeshewa, akafungua lango bila kungoja wimbo uishe. Dakika hiyo hiyo shangazi yangu Gathoni akaingia chumbani mbio, na leso mkononi. Nikamwambia, "Shangazi, ngoja nioshe uso." Akaniambia, "Uso wa nini na watu wako ndani? Nani ataona uso yako?" Akanifunika, akanisukuma mlangoni, nikajikuta nimesimama kwenye mstari na wasichana wengine, krimu bado iko kidevuni na leso imeigandamiza.

Kuchoma kulianza polepole. Kwanza ni kama kuwashwa, halafu kama nimeegemea sufuria. Machozi yakaanza kunitoka na sikuweza kuyafuta, kwa sababu anayefichwa hatakiwi kutikisika wala kutoa sauti asije akajitambulisha. Na nilikuwa nimesikia wanawake wa saluni wakisema kwamba ikichoma ndiyo inafanya kazi. Nikaamini. Nikajiambia, vumilia, inafanya kazi. Maitu, hilo ndilo neno la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kujiambia, na nimeliona likiwapoteza wengi katika mambo makubwa kuliko ya ndevu.

Babako akaanza kupita mbele yetu. Akina mama wanamzomea, wanamwambia akichagua vibaya atatoa mbuzi. Alipofika kwangu akasimama. Krimu zile wakati huo zilinuka kama yai lililooza, na hata za siku hizi zinanuka hivyo chini ya manukato. Nikasikia anavuta pumzi. Akasema, "Ni huyu." Akainua leso mwenyewe.

Hapa ndipo babako hukatiza hadithi, kwa hivyo sikiliza. Watu walikuwa wamefungua midomo kupiga vigelegele, wakaniona, vikawafia mdomoni. Kidevu kilikuwa chekundu, kimefura, krimu imechanganyika na machozi na nyuzi za leso. Mama mkwe akashika shavu. Na babako, ambaye mpaka siku ile nilimjua kama mtu wa mzaha tu, hakucheka wala hakuniuliza nimefanya nini. Aligeuka akasema kwa sauti ya kawaida, "Leteni maji. Maji mengi, na iwe baridi." Akaniinamisha pale pale mbele ya wazee, akanimiminia maji kidevuni kutoka kwenye jagi la wageni, suti yake mpya ikalowa mpaka magotini. Nilimpenda siku hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimemkubali.

Lakini aibu haioshwi na jagi moja. Wageni walipoenda, shangazi Gathoni akaniletea spiriti ya kinyozi, ati inaua vijidudu. Nikapaka, nikaruka. Mwingine akaleta limau. Nikapaka hilo pia, maana nilikuwa mtu wa kutii. Kesho yake kukatoka malengelenge, yakapasuka, na yalipokauka yakaniachia alama nyeusi kama mtu aliyejipaka masizi. Katika nyumba ya babako nilikaa muda mrefu nikila huku mkono mmoja umefunika mdomo. Sokoni niliuza nikiwa nimezungusha leso shingoni mpaka puani, jua likiwaka. Mama mkwe alidhani nina maringo. Mimi nilikuwa naogopa tu. Na hapo ndipo nilipopata hasara, si kwenye ngozi. Ngozi ilirudi. Lakini kuna watu wengi ambao ningefahamiana nao, na wanawake wa kuchekesha ambao ningecheka nao, na sikucheka, kwa sababu mkono ulikuwa mdomoni.

Aliyenitoa huko ni muuguzi mmoja wa zahanati, mama wa kutoka Machakos, nilipompeleka Muthoni kwa chanjo. Alitazama kidevu changu badala ya mtoto. Akasema, "Mama, uso sio mguu. Na hii si ugonjwa, ni nywele. Kama unataka kutoa, toa pole pole. Kama hutaki, wacha. Lakini wacha kuichapa." Nilirudi nyumbani nikilifikiria neno hilo, kuichapa. Kweli nilikuwa nakichapa kidevu changu, kana kwamba kimenikosea.

Kwa hiyo sikuandikii kukwambia usitumie krimu. Mimi bado naitumia, unajua, na wiki nyingine ninaziacha nywele zikae kama za cucu. Nakwambia tu jinsi ninavyofanya sasa. Nanunua ile iliyoandikwa ya uso. Kila boksi jipya, hata la jina lile lile, naijaribu kwanza ndani ya mkono na kungoja hadi kesho yake, kwa sababu ngozi hubadilika na watengenezaji nao hubadilisha. Sipaki juu ya kipele wala mahali nilipopitisha wembe. Sipitishi muda walioandika, na ikianza kuchoma kabla ya muda naiosha hapo hapo kwa maji mengi, hata kama nywele zimetoka nusu. Afadhali ndevu nusu. Baada yake sisugui, sipaki manukato wala sabuni kali, naweka kitambaa kilicholowa maji baridi, halafu mafuta ya kawaida yasiyo na harufu. Na siendi juani. Wewe jua la Doldol halikujui bado, litakuonea. Ukiona malengelenge au usaha, au uso umefura, usiniulize mimi kwa simu wala usimuulize mwenzako wa chumba, nenda hospitali. Na limau liweke kwenye chai.

Na kubwa ya yote, usijipake krimu wageni wakiwa langoni. Fanya siku ambayo hakuna anayekungoja. Mimi nimeharibu mambo mengi kwa sababu nilianza kuyatengeneza baada ya kusikia wimbo nje: hiyo ngozi, na hata biashara yangu ya kwanza ya sweta, niliyoifungua kwa pupa shule zikiwa zimebakisha siku chache kufunguliwa, nikatoa mikono mifupi na mirefu kwenye sweta moja.

Lakini hili nalo hukulisikia kwangu mapema, na yakakupata yako. Juzi ile kabla ya mahojiano ya kazi, nilikukuta bafuni umeinamia ndoo, wembe umepita jana na krimu imepita leo. Hukulia. Ulisema tu, "Mami, nimejiunguza na nilikuwa najua." Nikakumwagia maji, na nilipokuwa nakumwagia nilimwona babako na lile jagi. Asubuhi ya mahojiano kidevu kilikuwa kimechubuka chote. Ni mimi niliyekwambia uvae barakoa, zile zilizobaki kabatini kutoka wakati wa korona. Ukaivaa. Tukaenda Nyeri pamoja, mimi nikakaa kwenye benchi nje ya ile ofisi, chini ya dirisha.

Hukujua kwamba nilisikia. Dirisha lilikuwa wazi. Walikuuliza maswali, ukajibu, lakini sauti yako ilikuwa inakwama kwenye kile kitambaa, na yule mwalimu mkuu, mama mwenye sauti nzito ya watu wa Kakamega, akakwambia mara kwa mara urudie. Kisha akasema, "Sasa tufundishe kitu kidogo, kama hapa ni darasa. Asidi na besi." Nikashika mkoba wangu. Halafu nikasikia sauti yako safi kabisa, haina kitambaa, na nikajua umeivua.

Mlikuwa mnaongea Kizungu, na Kizungu changu ni cha sokoni, lakini nilifuata. Uliwaambia watazame kidevu chako. Ukawaambia kwamba watu wengi wanadhani ni asidi pekee inayochoma, na kwamba krimu ya kutoa nywele ni besi, inavunja unywele, na ikiachwa au ikikuta ngozi iliyokwaruzwa haijui unywele uliishia wapi na ngozi ikaanzia wapi. Ukaeleza kwa nini maji mengi ndiyo dawa ya kwanza. Ukaeleza kwa nini mtu asikimbilie limau ati asidi itaituliza besi, kwamba ngozi si chupa ya maabara. Maitu, mimi nilikuwa nimelipaka hilo limau. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha na alama iliyofifia kidevuni, na mtoto wangu ananieleza, bila kujua, kilichonipata siku ya ruracio yangu. Hakuna aliyewahi kunieleza. Wengine wote walinicheka au kunihurumia.

Ulipomaliza, yule mwalimu mkuu aliacha Kizungu. Akasema, "Mwalimu, hiyo kidevu imeniuma hata mimi. Watoto wangu hawatasahau hii somo." Wakacheka, lakini si kicheko cha stendi. Nawe ukacheka nao. Nililia kwenye lile benchi mpaka askari wa lango akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia, "Hapana, ni msichana wangu anafundisha."

Nimefuma, nimeshona, nimelea, nimezika wazazi, na sijawahi kuwa na fahari kama ya siku ile. Nilichofanya mimi chini ya leso ni kunyamaza na kuungua. Wewe ulivua kitambaa ukaliweka jeraha lako mezani, likawa somo. Cucu yako angekuwa hai angeacha jivu lake akupigie vigelegele.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini shingo ya sweta imenisumbua. Aliyeniomba shingo ndefu si yule wa dirishani, ni yule wa bafuni wa kidato cha pili, na wote wawili ni wangu. Darasani utakutana na watoto wa umri ule ambao macho yao hayana huruma. Siku moja mmoja atasema neno kutoka nyuma ya darasa. Sijui wewe yupi atakayekuwa amesimama ubaoni siku hiyo, na siwezi kukufumia ujasiri kwa mashine hii. Jana nilikuwa nimeamua nikufumie shingo fupi kwa nguvu, nikakaa hata nikaianza. Kisha nikamkumbuka shangazi Gathoni akinisukuma mlangoni na leso, akiniamulia kuhusu uso wangu mwenyewe. Nikafumua.

Shingo nimeifuma ndefu, maitu, inafika pale ulipogusa. Lakini sikuiunganisha na sweta kama ninavyofanya zote. Nimeishikiza kwa uzi mmoja mwekundu, utauona kwa ndani, nyuma ya kisogo, una kifundo kidogo. Siku yoyote ukichoka nayo, au jua likikuzidi, vuta hicho kifundo. Shingo itatoka nzima, na chini yake utakuta sweta imekwisha pindwa vizuri, kamili, haina kasoro. Usinipigie simu kuniuliza. Ni yako.

Ila ukiitoa, usiitupe. Ikunje, uitie kwenye bahasha, umpe dereva wa gari la Nanyuki aiachie hapa Chaka kwa jina langu. Sitauliza ni mtoto gani alisema nini wala ulimjibu vipi. Nitaivaa mimi hapa dukani, maana baridi ya asubuhi inayotoka mlimani unaijua, na kila mteja akiniuliza mbona nimevaa shingo isiyo na sweta, nitamwambia binti yangu ni mwalimu, haihitaji.

Ni mimi, mamako, na kwa jina ulilobeba, mtoto wako,
Wairimu